Dawa Iliyofukiwa

Tunapohubiriwa habari ya talanta katika Mathayo 25, kwa kawaida mahubiri huishia kwetu wenyewe: nani amepewa sauti nzuri na hajiungi na kwaya, nani ana ng'ombe wengi na hatoi. Ni mahubiri mazuri. Lakini yule mtumwa wa tatu, aliyechimba shimo akaificha fedha ya bwana wake, hakuiba wala hakuitapanya. Aliiweka tu. Katika insha hii tunafuata historia ya dawa iliyowekwa tu kwa karibu miaka 20, huku watu walioihitaji wakitibiwa kwa sumu au wakifa bila matibabu. Dawa hiyo ni ya ugonjwa wa malale, na malale si habari ya mbali kwetu tunaoishi Piyaya.

Kata yetu iko Wilaya ya Ngorongoro, upande wa mashariki wa Hifadhi ya Serengeti. Nyanda zetu ni za majani mafupi, na nyumbu hushuka huku wakati wa mvua. Mbung'o, yule nzi anayebeba malale, hapendi uwazi wa namna hii. Yeye ni mdudu wa vichaka na miti yenye kivuli. Lakini mfugaji hakai mahali pamoja. Majani yakiisha anahama, na kiangazi humpeleka kwenye vichaka vile vile anakokaa mbung'o, kwenye njia zile zile za nyati, pongo na swala. Wazee wetu walijua jambo hili kabla ya kuja hadubini. Walijua mahali pa kupitisha mifugo usiku, na mahali ambapo ng'ombe akila atarudi amekonda na manyoya yamesimama.

Historia ya ugonjwa huu katika nchi ya Wamaasai haiwezi kusimuliwa bila Emutai, ule wakati wa kuangamia. Kuanzia mwaka 1890 hivi sotoka iliua karibu ng'ombe wote, na ndui na njaa zikafuata. Mwaustria Oscar Baumann alipofika Ngorongoro Machi 1892, aliandika juu ya watu waliobaki mifupa na ngozi. Kuna upande wa habari hii ambao hausemwi mara nyingi. Ng'ombe na mbuzi walipokwisha, na watu waliokuwa wakichoma majani na kukata vichaka walipopungua, miti ilirudi. Wanyama wa porini walipona sotoka na kuongezeka upesi kuliko watu. Mbung'o akapata nyumba na chakula kwa pamoja. Pori kubwa ambalo wageni walilikuta baadaye na kulisifu kuwa halijaguswa na mkono wa mwanadamu, sehemu yake lilikuwa ni makaburi.

Miaka hiyo hiyo malale yalikuwa yanaanza kuua kando ya Ziwa Viktoria. Mwaka 1901 madaktari wamisionari wawili wa hospitali ya Mengo, Kampala, Albert Cook na mdogo wake Jack, waliwatambua wagonjwa wa kwanza: watu waliokuja na homa, kisha usingizi wa mchana, kisha akili kuchanganyikiwa, kisha kifo. Inakadiriwa kwamba watu zaidi ya 200,000 walikufa Uganda katika miaka ile ya mwanzo wa karne. Visiwa vizima viliachwa vitupu. Hospitali ya Mengo ilikuwa ya kanisa, na waganga wake walikuwa watu wa sala, lakini dawa hawakuwa nayo. Waliosha wagonjwa, wakawalisha, wakawazika.

Hapo ndipo wakemia wanapoingia.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya aseniki, sumu ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la dawa ya panya. Mkemia Mfaransa alikuwa ameiunganisha aseniki na kitu kingine katika karne ya 19, na dawa iliyopatikana ikaitwa Atoxyl, maana yake isiyo na sumu. Jina lilikuwa la matumaini kuliko ukweli. Mwaka 1905 huko Liverpool ilionekana kwamba inaua tripanosoma, yaani kile kimelea cha malale, ndani ya damu ya wanyama. Mwaka 1906 Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alifika visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria akawapa Atoxyl wagonjwa wengi. Vimelea vilitoweka katika damu yao, kisha kwa wengi vikarudi. Koch akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakawa vipofu, na upofu wao haukupona.

Tunasimama hapa kidogo, kwa sababu mara nyingi habari za sayansi husimuliwa kama ngazi inayopanda tu. Wale watu 22 walikwenda kwenye kambi ya matibabu kwa imani. Walinyoosha mikono yao wapigwe sindano na mtu aliyekuwa na sifa duniani kote. Majina yao hayakuandikwa kwenye vitabu, la kwake liliandikwa.

Njia ya pili ilianzia kwenye rangi za nguo. Wakemia wa Ujerumani wa zama zile walikuwa mafundi wakubwa wa kutengeneza rangi kutokana na lami ya makaa ya mawe. Paul Ehrlich aliona kwamba rangi fulani hushika kwenye kimelea na haishiki kwenye mwili wa mgonjwa, naye akawaza: kama rangi inaweza kuchagua, sumu nayo inaweza kuchagua. Mwaka 1904 yeye na Mjapani Kiyoshi Shiga waliponya panya kwa rangi nyekundu. Miaka miwili baadaye Wafaransa wakapata rangi ya bluu iliyofanya kazi vizuri zaidi, ila iligeuza nyama ya mnyama kuwa ya bluu. Tunajiuliza ni mfugaji gani angekubali kupeleka ng'ombe wa bluu mnadani.

Basi wakemia wa kampuni ya Bayer wakajipa swali: je, tunaweza kuitoa rangi na kuiacha dawa? Hapa ni vema tueleze kazi yenyewe, maana ni kazi ya mikono kama useremala, ingawa fundi hakioni anachojenga. Mkemia wa namna hii hachimbi mizizi. Ana vitu vidogo vya kuanzia, naye anaviunganisha hatua kwa hatua mpaka apate molekuli mpya, yaani kile kipande kidogo kabisa cha dawa chenye umbo lake kamili. Kila hatua anachemsha, anapoza, anachuja, anapima. Kila hatua inapoteza kitu. Kazi ya hatua 6 ambayo kila moja inampa asilimia 80, mwishoni inamwachia kama robo tu ya alichoanza nacho. Kisha anapeleka gramu chache kwa mwenzake mwenye panya wagonjwa, anasubiri. Panya wakifa, anabadilisha kona moja ya molekuli na kuanza tena.

Watu wa Bayer walifanya hivyo kwa miaka, molekuli mamia kwa mamia. Waliviondoa vile viungo vinavyoleta rangi, na katikati wakaweka kiungo cha yurea. Ndiyo, yurea, jina lile lile lililo kwenye mifuko ya mbolea ya wakulima wa Karatu. Yurea ina historia yake, na inagusa imani. Mpaka mwanzoni mwa karne ya 19 wasomi wengi waliamini kwamba vitu vinavyopatikana ndani ya miili yenye uhai haviwezi kutengenezwa na mtu, kwa sababu vinahitaji nguvu ya uhai. Mwaka 1828 Friedrich Wöhler alitengeneza yurea, kitu kinachotoka kwenye mkojo, bila figo ya mtu wala ya mnyama. Wapo waliodhani hapo Mungu amepunguziwa kazi. Sisi hatuoni hivyo. Aliyeweka kanuni inayomwezesha Wöhler kupata yurea katika chupa ndiye aliyeiweka katika figo za mbuzi.

Mwaka 1916 kazi ya Bayer ilifikia kwenye unga mweupe walioupa namba 205. Molekuli yake ni ndefu, ina pande mbili zinazofanana kabisa, na ile yurea imezishika katikati kama nira inavyoshika maksai wawili. Leo tunaiita suramini. Ilikuwa dawa ya kwanza kuponya malale ya mwanzo bila kupofusha watu, na ubora wake ni kwamba bado inatumika, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Lakini vita ilikuwa imeisha na Ujerumani ilikuwa imenyang'anywa makoloni, Tanganyika ikiwemo. Kampuni ikaficha umbo la dawa yake. Msafara wa Friedrich Karl Kleine uliokwenda kuijaribu kwa watu mwaka 1921 haukuja huku. Ulikwenda Rhodesia ya Kaskazini na Kongo ya Wabelgiji. Dawa ikapewa jina la Germanin. Wakatokea Wajerumani waliosema hadharani kwamba siri ya dawa hii itolewe kwa sharti moja, makoloni yarudishwe. Tufikirie maana ya maneno hayo. Mwaka 1922 malale yalizuka Maswa, upande wa pili wa Serengeti kutoka kwetu, na serikali ya Waingereza katika miaka iliyofuata ikahamisha watu wa maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi mapya. Watu wa Maswa walikuwa wanakufa, na huko Ulaya kulikuwa na watu waliotaka kuibadilisha dawa yao kwa ardhi yao.

Siri haikudumu. Huko Paris, katika Taasisi ya Pasteur, Ernest Fourneau alisoma hati za hataza za Wajerumani akakisia njia yao. Akajenga molekuli moja baada ya nyingine, akizilinganisha na sifa zilizojulikana za dawa ile, mpaka mwaka 1924 akatangaza umbo lake. Wapo wanaouita huo wizi. Sisi tunaona ni moja ya kazi njema zilizofanywa na mkemia, ingawa hatudai kwamba alifanya kwa ajili ya watu wa Maswa. Ufaransa nayo ilikuwa na makoloni yake na fahari yake.

Suramini ina kasoro moja kubwa. Haiingii kwenye ubongo. Malale yana hatua mbili: kwanza kimelea kiko kwenye damu, kisha kinapenya kwenye ubongo na uti wa mgongo. Malale ya upande wetu wa Afrika Mashariki hayangoji. Yale ya Afrika Magharibi na Kati yanaweza kukaa na mtu miaka, lakini ya kwetu huua kwa wiki au miezi. Mtu anaumwa homa, anapewa dawa ya malaria, anapata nafuu kidogo, homa inarudi. Akifika hospitali tayari analala mchana na kuzungumza yasiyoeleweka, na ndugu zake wameanza kusema amerogwa.

Kwa mgonjwa wa hatua hiyo dawa ilikuwa tena ni aseniki. Ernst Friedheim, daktari na mkemia wa Uswisi, alitangaza melasoproli mwaka 1949. Inapenya kwenye ubongo, na kwa hilo iliokoa watu ambao wasingeokoka. Lakini inaunguza mshipa inapoingia, na wagonjwa waliiita moto ndani ya damu. Kati ya watu 20 waliotibiwa, mmoja aliuawa na dawa yenyewe, na kwa malale ya upande wetu hesabu imekuwa mbaya zaidi. Wauguzi waliitoa wakijua hivyo. Hii ndiyo dawa iliyokuwa tegemeo la mgonjwa wa malale ya ubongo Tanzania kwa zaidi ya miaka 70.

Sasa tuje kwa ng'ombe. Mwaka 1955 kampuni nyingine ya Ujerumani, Hoechst, ilitoa dawa ya kutibu nagana, yaani malale ya mifugo. Jina lake la dukani ni Berenil, na hapa hatuhitaji kumweleza mtu. Ni ule unga wa njano kwenye pakiti, unaukoroga kwa maji safi na kumchoma ng'ombe. Umeokoa maboma mengi. Ng'ombe ana soko: mwenye ng'ombe ananunua dawa, mwenye duka anaagiza nyingine, kampuni inatengeneza tena. Miaka mingi baada ya kutoka kwake bado iko madukani.

Kampuni hiyo hiyo ya Hoechst, katika miaka ya 1970, ilitengeneza molekuli nyingine iliyopewa jina la feksinidazoli. Ni ya ukoo mmoja na flajili tunayomeza kwa ajili ya amiba. Mwaka 1983 watafiti walichapisha kwamba imeponya panya wenye malale, hata kimelea kilipokuwa kimefika kwenye ubongo. Ilikuwa ya kumeza kwa mdomo, haikuhitaji sindano. Kila kitu ambacho mgonjwa wa malale alihitaji kilikuwa ndani ya unga huo.

Kisha kampuni ikaacha kazi ya magonjwa ya nchi za joto, na feksinidazoli ikabaki kwenye maandishi na kwenye kabati. Hakuna aliyeikataa. Haikuonekana kuwa mbaya. Mgonjwa wake hakuwa na fedha, basi. Tungependa kuwalaumu wakemia, lakini wakemia walikuwa wamemaliza sehemu yao. Dawa ya panya haiwi dawa ya mtu mpaka mwingine alipe gharama ya miaka ya kupima usalama, kutengeneza vidonge, kuwafuatilia wagonjwa vijijini, na kwa ugonjwa wa maskini huyo mwingine hakuonekana.

Katika miaka hiyo hiyo ya kabati, sisi tulifahamu namna kilio kinavyosikika au kutosikika. Mwaka 2001 watalii kadhaa waliotembelea Serengeti na Tarangire walirudi kwao Ulaya wakaugua malale. Majarida ya kitabibu yaliandika upesi, hospitali za huko zikatahadharishwa. Ni sawa, watu wale walikuwa wagonjwa na walistahili kutibiwa. Lakini mbung'o wa Serengeti hakuanza kuuma mwaka ule.

Mwaka 2003 iliundwa taasisi isiyo ya biashara iitwayo DNDi, kwa kazi ya kutafuta dawa za magonjwa yaliyosahaulika. Kati ya waliouanzisha mpango huo walikuwamo Madaktari Wasio na Mipaka na Taasisi ya Utafiti wa Kitabibu ya Kenya, KEMRI. Mwaka 2005 walianza kupekua molekuli za zamani za ukoo wa flajili, mamia ya molekuli, wengine wakiandika barua kuomba sampuli zilizosahauliwa. Katika rundo hilo wakaikuta feksinidazoli.

Kulikuwa na sababu moja ya kweli ya kuiogopa. Dawa za ukoo huu hubadilisha mbegu za bakteria katika vipimo vya maabara, na kitu kinachobadilisha mbegu kinaweza kuleta saratani. Wakarudia vipimo kwa seli za wanyama wenye damu kama yetu, na madhara hayakuonekana. Sababu yake ni nzuri kuijua. Molekuli hii ina kundi dogo la naitrojeni na oksijeni ambalo limetulia, halina madhara, mpaka likutane na kimeng'enya fulani. Kimeng'enya hicho bakteria wanacho na tripanosoma anacho. Seli za mtu hazina. Kimelea kinaimeza dawa, kinaifungua kwa ufunguo wake mwenyewe, na kinauawa na kilichomo. Wazo la Ehrlich la mwaka 1904, sumu inayochagua, hapa limetimia kuliko alivyoota.

Jaribio kubwa lilifanyika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati kati ya 2012 na 2016, kwa wagonjwa 394 wenye malale ya aina ya huko. Waliopona kwa vidonge walikuwa kama 91 kwa mia, dhidi ya 98 kwa mia waliotibiwa kwa dripu na vidonge vya matibabu yaliyokuwepo. Si kwamba vidonge vilishinda, bali vilifika. Dripu zile zilihitaji masanduku ya vifaa na wauguzi wa kulala na mgonjwa siku 7, na vidonge vinabebwa kwenye begi. Dawa ikakubaliwa kwa malale ya Afrika Magharibi na Kati mwaka 2018.

Ya kwetu ilingoja tena. Wagonjwa wetu ni wachache, katika miaka ya karibuni hawafiki 200 kwa mwaka katika Afrika nzima, na uchache huo wenyewe huwa sababu ya kusahauliwa. Jaribio lilifanyika Malawi na Uganda, wagonjwa 45. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikatoa kauli ya kuikubali kwa malale ya Afrika Mashariki, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaiweka kuwa dawa ya kwanza ya kutumia. Kampuni iliyorithi mali za Hoechst, Sanofi, inaitoa bure kupitia shirika hilo. Tangu panya wa 1983 mpaka mgonjwa wa Afrika Mashariki ni miaka 40. Ndiyo muda ambao Israeli walikaa jangwani.

Wapo ndugu watakaouliza insha hii inafanya nini katika kitabu cha imani. Mfalme Hezekia alipougua hata kufa, alisali akalia, na Mungu akamwahidi miaka 15 zaidi. Hata hivyo Isaya, nabii aliyeleta ahadi hiyo, aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Maombi yalikuwa yameshajibiwa, na bado tini zilipondwa. Hatuoni kwamba tini zilipunguza kitu kwenye jibu. Wilaya yetu inajua pia njaa ya uponyaji ilivyo. Mwaka 2011 magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi kwenda Samunge kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa kikombe cha shilingi 500. Watu wengi wameandika kuwacheka waliokwenda. Sisi tuliona wagonjwa waliobebwa na ndugu zao kwenye vumbi, na hatukuona cha kucheka. Mtu ambaye dawa yake iko kabatini mwa mwingine atakwenda popote anapoitwa. Wasiwasi wetu ulikuwa, na bado ni, kwa wale walioacha vidonge vyao vya kila siku kwa sababu wameonja kikombe. Hayo ni maumivu ambayo Kanisa lilipaswa kuyazungumza kwa sauti zaidi.

Kwa hiyo tunasema wazi katika jumuiya zetu: kijana aliyetoka malishoni kwenye vichaka, akapata homa isiyosikia dawa ya malaria, ombewe na apelekwe. Mhudumu aambiwe kwamba ametoka kwenye mbung'o, maana bila kuambiwa hataitafuta tripanosoma kwenye damu. Kidonda chekundu kilichovimba mahali alipoumwa kisipuuzwe. Hospitali za misheni za Wasso na Endulen zilijengwa wilayani mwetu ili mtu wa huku asife njiani kwenda Arusha, na mzee wa kanisa anaweza kutafuta gari kama anavyotafuta gari la harusi.

Mgonjwa mzima humeza vidonge 3 kwa siku kwa siku 4, kisha vidonge 2 kwa siku 6. Ni lazima ale kwanza, tumbo likiwa tupu dawa haiingii ya kutosha mwilini na ugonjwa hurudi. Katika kiangazi, ng'ombe wakiwa mbali na maziwa yamekatika, hilo la kula kwanza si dogo, na ni kazi ambayo akina mama wa jumuiya wanaweza kuifanya kwa siku 10 bila kungoja mtu wa Ulaya.

Limebaki jambo moja. Dawa hii haijaruhusiwa kwa mtoto aliye chini ya miaka 6, wala kwa aliye chini ya kilo 20. Mtoto wa umri huo akiugua, bado anachomwa sindano ya mgongo ili ijulikane kama kimelea kimefika kwenye ubongo. Kikiwa hakijafika anapewa suramini ya mwaka 1916. Kikiwa kimefika, anapewa melasoproli ile ile, yenye aseniki.